Mtu Mmoja na Nusu

Ilikuwepo, na mpaka tunapoandika bado ipo, nchi moja ambayo jina lake hatulitaji. Si kwamba tunaogopa. Maombi ya kibali cha kulitaja tulishayapeleka, na tumeambiwa yanashughulikiwa.

Katika nchi hiyo watu walikuwa wakifanya kazi. Jambo hili liliendelea miaka mingi bila serikali kulifahamu, mpaka siku Mheshimiwa Rais alipopita kwenye soko la mji mmoja wa nyanda za baridi. Akamwona mtu anashona kiatu, mwingine anachoma mahindi, mwingine anafuma sweta, kila mmoja peke yake, bila ofisi wala bosi. Akauliza, "Hawa wameruhusiwa na nani?" Wasaidizi wake wakatazamana. Hakuna aliyejua. Jioni ile ile ikaundwa Wizara ya Kuwawezesha Wenye Kujiweza, na ndani yake Idara ya Watu Mmoja Mmoja. Asubuhi yake mgambo wakaingia sokoni kuwawezesha.

Aliyekuwa anafuma sweta ni Skola Mbwilo. Jina hilo alilijua yeye na karani wa zahanati. Kwa wengine wote alikuwa Mama Tunu, kwa sababu alikuwa na binti anayeitwa Tunu, na katika nchi ile, kama katika nchi nyingine ambazo msomaji anaweza kuzikumbuka, mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini na anaitwa kwa jina la mtoto. Hakuna aliyelalamika. Ilikuwa heshima, na pia ilipunguza kazi ya kukumbuka majina.

Mgambo hawakumkamata Skola. Walikuwa na maelekezo ya kuheshimu haki za binadamu. Walikamata mashine yake ya kufuma, wakaipandisha kwenye gari, wakampa karatasi inayosema kwamba mtuhumiwa atashikiliwa kwenye ghala la manispaa hadi biashara itakaposajiliwa.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na mji ule ulikuwa na baridi ya kukaza vidole. Ndiyo majira ambayo mfuma sweta anatafuta chakula cha mwaka mzima. Bila mashine, Skola alikuwa na vidole kumi na mtoto mmoja. Akavaa viatu vya kufunika, akaenda Idarani.

Karani wa Idara aliitwa Bi Hedaya. Alikuwa anakula karanga kutoka kwenye droo, moja moja, kwa utaratibu.

"Mko wangapi?" akauliza bila kuinua uso.

"Mimi tu."

"Nauliza biashara. Ina watu wangapi?"

"Mmoja."

"Hilo tutalithibitisha sisi. Mkutano wa waanzilishi mmeshafanya?"

"Mwanzilishi ni mimi, dada."

"Kwa hiyo hamjafanya."

Skola akasema ni kweli, hawajafanya.

Bi Hedaya akamweleza, kwa upole wa mtu aliyeeleza mara nyingi, kwamba taifa halijengwi na watu wanaoamua mambo vichwani mwao. Biashara ya mtu mmoja lazima izaliwe kwenye mkutano. Mkutano uwe na meza kuu, bango lenye jina la biashara, uchaguzi wa viongozi kwa kura ya siri, risala, mgeni rasmi na neno la shukrani. Wajumbe waalikwe kwa barua.

"Nijiandikie barua?"

"Na ujijibu kama utahudhuria. Akidi ni theluthi mbili."

"Theluthi mbili zangu."

"Zikipungua, mkutano unaahirishwa," akasema Bi Hedaya, akafunga droo.

Skola hakubishana. Alikuwa amewahi kukaa kwenye kamati ya wazazi wa shule, kwa hiyo alishazoea. Akaenda nyumbani, akajiandikia barua, akajijibu kwamba atahudhuria.

*

Jirani yake sokoni alikuwa fundi viatu, Ndimbo. Yeye alisajiliwa siku ya kwanza. Hakuwa na mke, mtoto wala mgeni, na maofisa walipokagua chumba chake wakakuta kijiko kimoja, mmoja wao alitokwa na machozi. Idara ikampa kikombe kikubwa cha shaba nyepesi kilichoandikwa Mpweke Bora wa Mkoa. Ndimbo alikuwa anakinywea chai.

"Ulifanyaje, Ndimbo?" Skola akamwuliza.

"Sikufanya kitu, Mama Tunu. Miaka hamsini na mitatu sijafanya kitu. Nilidhani napoteza muda, kumbe nilikuwa natimiza masharti."

"Na mimi nitaupata huo usajili?"

Ndimbo akamtazama Tunu, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka lao anakunja uzi wa sufu kuwa donge. Akanywa chai. "Kikombe hiki kina masikio mawili," akasema, "unaungua pande zote."

Jumatano ilikuwa siku ya kutembelea mahabusu. Skola na Tunu wakaenda ghalani. Kwa kuwa ghala halikuwa na utaratibu wa kupokea mashine, ile mashine ilikuwa imepokewa kama mtu, ikavuliwa mkanda, na ikafungiwa namba shingoni. Mlinzi akanusa kopo la mafuta waliloleta.

"Dakika chache tu, mama. Na msizungumzie mambo ya kesi."

Skola akaifuta vumbi, akatia mafuta kwenye sindano, akausukuma mkono wa mashine kushoto na kulia. Ulikwenda kwa shida.

"Mama, ina kutu," akasema Tunu.

"Naona."

"Inaumwa?"

"Mashine haiumwi. Shika kopo."

Mlinzi akasema muda umekwisha. Tunu akaipungia mkono mashine. Skola alitaka kumwambia aache, halafu akaona mlinzi naye anapunga.

*

Mkutano wa waanzilishi ulifanyika kwenye ukumbi wa kata. Viti vilipangwa mistari sita, kwa sababu ukumbi hauruhusiwi kuonekana mtupu mbele ya mgeni rasmi. Skola alikaa mstari wa mbele kama mjumbe. Alipohitajika mwenyekiti wa muda alipanda meza kuu, akajikaribisha, akashuka, akakaa, akajipigia makofi. Bi Hedaya alisimamia itifaki na kila mara alimkumbusha asipite mbele ya meza.

Uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Skola aliingia nyuma ya pazia peke yake, akapiga kura, akatoka, na Bi Hedaya akahesabu mbele ya wote. Uenyekiti Skola alishinda kwa kishindo. Ukatibu pia. Kwenye nafasi ya mweka hazina, kwa haraka, alitia alama nje ya kisanduku, kura ikaharibika, nafasi ikabaki wazi. Idara ilijitolea kuikaimu. Tangu siku hiyo fedha za biashara zinatunzwa na Idara, na Skola anapewa taarifa.

Mgeni rasmi, Bwana Kilimba, Mkurugenzi wa Idara ya Watu Mmoja Mmoja, alifika jua likiwa limeshageuka, akiwa na dereva, mpiga picha, msaidizi wa kubeba hotuba na msaidizi wa msaidizi. Skola akasimama kusoma risala.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasoma, "mafanikio yetu ni kwamba tunajua kufuma. Changamoto yetu ni kwamba mashine yetu mnayo nyinyi."

"Changamoto nimeipokea," akasema Bwana Kilimba, akampa msaidizi ile risala, msaidizi akampa msaidizi wake, yeye akaikalia. Kisha Mkurugenzi akainuka, akarekebisha koti.

"Ndugu wanabiashara ya mtu mmoja, itifaki imezingatiwa. Nimesimama hapa nikiwa na furaha ambayo haimo kwenye bajeti. Serikali yenu sikivu imesikia kwamba mpo peke yenu. Zamani mlikuwa peke yenu kiholela. Kila mtu alikuwa peke yake anavyotaka. Leo upweke wenu utaratibiwa, utakaguliwa, na mwisho wa mwaka utatolewa takwimu." Akanywa maji. "Wapo wanaobeza. Wanasema mtu mmoja ni mdogo. Nawauliza, taifa hili lilianza na wangapi?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa mjumbe pekee alikuwa anaandika kumbukumbu za kikao.

"Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, naitangaza rasmi..." Hapo Bwana Kilimba akageuka kulisoma bango lililoning'inia nyuma yake. Skola alikuwa ameliandika mwenyewe, kwa rangi ya buluu, herufi zilizonyooka: MAMA TUNU MASWETA. Ndilo jina ambalo wateja walilijua. Hakufikiria jingine, na ukweli ni kwamba hata mwandishi wa hadithi hii asingefikiria jingine.

"Naitangaza Mama Tunu..." Mkurugenzi akasoma tena kimyakimya, midomo ikicheza. "Tunu ni nani?"

"Mwanangu, mheshimiwa."

"Ana nafasi gani kwenye biashara?"

"Yuko darasa la tatu."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Hapo nje. Anakunja uzi."

Bwana Kilimba akaenda dirishani. Mpiga picha akamfuata, akapiga picha ya Mkurugenzi akitazama dirishani. Nje, juu ya ngazi, Tunu alikuwa na donge la uzi mapajani, ulimi umetokeza pembeni kwa kuzingatia kazi. Mkurugenzi akavua miwani.

"Bi Hedaya," akasema taratibu, "hii ni biashara ya mtu mmoja na nusu."

Soda zilizokuwa zimefunguliwa zikafunikwa. Viti vikaanza kubebwa. Neno la shukrani lilitolewa hivyo hivyo, kwa sababu lilikuwa kwenye ratiba, na Skola akamshukuru kila mtu, kuanzia mgeni rasmi hadi dereva.

*

Kesho yake aliitwa ofisini kwa Mkurugenzi. Mezani palikuwa na bendera ndogo, kalamu tatu, na bango lake limekunjwa.

"Mama, kaa. Mimi ni mzazi kama wewe," akaanza Bwana Kilimba. "Nina watoto wanne. Siwaoni kabisa. Kwa hiyo nakuelewa."

"Asante."

"Una njia mbili. Ya kwanza, msajiliwe wewe na Tunu kama kampuni. Lakini Tunu ni mtoto, hawezi kuwa mkurugenzi mpaka akue. Mashine itamsubiri ghalani, tutaitunza. Njia ya pili, umwondoe Tunu."

"Nimwondoe wapi?"

"Kwenye jina tu. Huku kwingine hatujafika."

Skola akafikiri. "Basi iandikwe Mama Masweta."

"Mama wa nani?" Mkurugenzi akasikitika kama mwalimu. "Hakuna mama wa mtu mmoja. Ukishasema mama, tayari mko wawili. Kwa kweli hapa ndipo wanawake wanapotuangusha. Mwenzako Ndimbo yule hana shida hizi."

"Andika Skola Masweta."

"Skola ni nani?"

"Ni mimi."

"Ana mtu?"

"Hilo jina halina mtu," akasema Skola.

Bwana Kilimba alifurahi. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaeleza masharti. Kuanzia siku hiyo, saa za kazi, biashara isiitwe kwa jina lisilosajiliwa. Anayeitikia jina lisilosajiliwa anafanya biashara ya siri, na mashine itarudi ghalani, safari hii bila kutembelewa.

"Na mtoto je?"

"Mtoto hasa. Mteja akikuita Mama Tunu tunaweza kusema ni mazoea. Mtoto akikuita mama, huo ni ushahidi unaotembea. Lakini serikali si katili." Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi ya kijani. "Hiki ni Kibali cha Uzazi wa Baada ya Kazi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni unaweza kuitwa mama kadiri utakavyo. Sikukuu, kwa maombi."

"Nikisaini, mashine naipata lini?"

"Leo hii."

Msomaji mwenye hasira anaweza kutaka Skola apige meza. Skola aliitazama ile meza. Ilikuwa ya serikali. Akachukua kalamu ya katikati, akasaini, akauliza mlango wa kwenda ghalani ni upi.

*

Usiku ulikuwa haujaingia walipoifikisha mashine dukani kwa mkokoteni, namba ya mahabusu ingali shingoni. Skola akaikata namba kwa mkasi. Tunu akaomba apewe aichezee.

"Sikiliza. Kuanzia kesho, hapa dukani usiniite mama."

"Nikuite nani?"

"Fundi."

"Kwa nini?"

"Ili mashine isirudi ghalani."

Tunu akafikiri. Alikuwa mtoto wa mama yake, hakupoteza maneno. "Na nikiumia?"

"Sema, fundi nimeumia."

"Nikiwa nalia?"

"Hata ukilia."

"Sawa, fundi."

"Sasa hivi bado tuko wenyewe, hakuna haja."

"Najizoeza," akasema Tunu.

Alijizoeza vizuri. Siku zilizofuata maofisa walipita wakiwa wamevaa kiraia, wakajifanya wanatafuta soksi. Walimkuta msichana mdogo kwenye benchi la wateja, amekaa wima, akisema "Fundi, naomba maji" na "Fundi, nimemaliza hesabu." Kukunja uzi aliacha, kwa sababu mteja hakunji uzi. Skola alikunja mwenyewe kwa kuuzungusha kwenye magoti yake, mashine ikisubiri. Wanawake wa sokoni walisitasita wiki ya kwanza. Wiki ya pili wakamwita Skola. Wengine walishangaa kuona ni jina zuri. Ndimbo alikuwa na wakati mgumu zaidi. Alianza, "Mama T...", akakohoa, akageuka kumpigilia mtu soli. Mwishowe aliacha kumwita kwa jina lolote. Akimtaka, aligonga nyundo mara mbili.

Siku moja Tunu aliteleza kwenye kizingiti, goti likachanika. Akaingia dukani damu inashuka hadi kwenye soksi, mdomo wazi, na Skola aliona neno linavyopanda kooni mwa mtoto na linavyorudi chini.

"Fundi," akasema Tunu, "nimeumia."

Kwenye benchi alikuwepo mwanamume aliyekuwa anakagua soksi zile zile tangu asubuhi. Skola akachukua kitambaa safi, akalifunga goti, akakaza fundo. Na kwa kuwa kila huduma kwa mteja lazima itolewe stakabadhi, akamwandikia: kitambaa kimoja, bure. Tunu akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na ile namba ya mahabusu.

Sweta zilifumwa. Shule zikafunguliwa, watoto wakaenda wamevaa. Chakula kilipatikana. Tunasema hivi ili isionekane tunaibeza sera.

*

Mwisho wa muhula Idara ilikuja kuzindua mafanikio. Utepe ulifungwa mlangoni pa duka lililokuwa limeshafunguliwa muda mrefu, Bwana Kilimba akaukata, wapiga picha wakamwomba aukate tena. Kisha akamwona msichana kwenye benchi. Akainama, mikono magotini, kama viongozi wanavyoinama wanapopigwa picha na watoto.

"Hujambo, binti. Huyu hapa ni nani wako?"

Ndimbo alishikilia nyundo hewani. Skola alikuwa anasukuma mkono wa mashine. Hakuusimamisha, kwa sababu mshono ungeruka.

"Ni fundi," akasema Tunu. "Anafuma vizuri. Hapunji mikono."

"Fundi wako tu?"

"Fundi wa watu wote."

Hakujikwaa hata kidogo. Wala hakumtazama Skola kabla ya kujibu, kama wanavyofanya watoto waliofundishwa. Alijibu kama mtu anayeulizwa rangi ya ukuta.

"Mmeona?" Bwana Kilimba akawageukia waandishi. "Huyu mtoto hata hana wasiwasi. Sera imefika kwenye familia."

Watu wakapiga makofi. Skola naye akapiga, itifaki ilidai hivyo. Hapo hapo Bi Hedaya akatoa kikombe cha shaba. Kilikuwa kile alichonyang'anywa Ndimbo baada ya kuripotiwa kwamba aliwahi kunywa chai na jirani. Safari hii Mpweke Bora wa Mkoa ni Skola Masweta. Mkurugenzi alisema mtu asiye na mtoto kuwa peke yake ni jambo la kawaida, lakini aliyenaye akafanikiwa, huyo ni mfano wa kuigwa. Ndimbo alirudi kwenye bilauri. Skola akatumia kikombe kuwekea sindano.

Maofisa walipoondoka, Tunu akaja kupimwa sweta mpya, kwa zamu yake, nyuma ya mama mwenye watoto wawili. Akanyoosha mkono. Skola akaweka futi begani, akaishusha hadi kwenye kifundo. Mkono ulikuwa umerefuka kupita alivyodhani. Akapima tena.

"Nimekua?" Tunu akauliza.

"Umekua."

"Sweta itakuwa tayari lini, fundi?"

"Alhamisi."

Saa kumi na mbili ilipolia kwenye redio ya jirani, Skola akaifunika mashine, akazima taa, akaubana mlango. Kibali cha kijani kilikuwa kwenye pochi. Alikuwa anatembea nacho tangu siku aliyopewa, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Tunu alikuwa anamsubiri nje na begi la shule mgongoni.

"Imeshafika kumi na mbili," akasema Skola.

"Nimesikia."

Skola akasimama na kufuli mkononi. Hakuwa na haraka. Ofisa wa soksi alishaondoka, Ndimbo alishafunga, hapakuwa na mtu wa kusikia.

Tunu akapandisha begi begani. "Twende, fundi," akasema. "Baridi."

Kibali kilikuwa kinaruhusu. Hakikuwa kinalazimisha. Skola akatia kufuli, akalivuta kuona kama limeshika, wakaenda.